Sauti ya Dakika Sita

Kama umewahi kuendesha gari kubwa kati ya Iringa na Mbeya, inawezekana umeshanisikia nikimwita marehemu mama yangu. Usione aibu kukubali. Sauti ile imefika mbali kuliko nilivyofika mimi mwenyewe kwa magurudumu. Mwezi uliopita kijana mmoja alinisimamisha hapa Ilomba, Mbeya, nimetoka kununua mkate, akaniuliza kwa heshima kabisa, "Shikamoo mzee. Samahani, siyo wewe yule wa 'mama nakufa'?" Nikamwambia marahaba, ndiye mimi. Akaomba tupige picha.

Nimeona afadhali nisimulie mwenyewe, maana wanaosimulia wengine wanaishia pale penye kicheko, na mimi nataka ninyi mnaoanza kazi hii mjue yaliyotangulia kicheko na yaliyofuata.

Jina langu ni Ambakisye, lakini barabarani wachache walilijua. Madereva waliniita Redio. Nimeendesha malori zaidi ya miaka thelathini, sehemu kubwa nikibeba vitunguu na nyanya kutoka Ruaha Mbuyuni kuleta Mbeya, na kurudi na ndizi, viazi, mbao, chochote kilichopatikana. Jina la Redio nililipata kwa sababu sikuwa na kituo cha kunyamaza. Niliongea nikipanda, nikishuka, nikibadilisha tairi. Siku nisipokuwa na abiria kwenye kabini niliongea na gari.

Aliyenifundisha kazi, Mzee Kihwele, alikuwa kinyume changu kabisa. Mhehe mmoja mrefu, mwenye koti la sufu ambalo hakulivua hata kwenye joto la bondeni. Alinifundisha mlima Kitonga kwa maneno machache: shuka na gia ambayo ungepandia, breki ziache zipumzike, ukisikia harufu yake ujue umeshachelewa. Siku moja tunashuka, mimi ndiyo niko kwenye usukani, nikaingiza mkono mfukoni nikatoa karanga. Nikatafuna moja, ya pili. Mzee akautazama mkono wangu. Tulipofika chini akaniambia nisimamishe gari pembeni.

"Karanga ulishika kwa mkono gani?"

"Wa kushoto, mzee."

"Na usukani?"

"Wa kulia."

"Na gia?"

Nikaanza kuhesabu mikono yangu kama mtoto wa chekechea. Akanyoosha kiganja, nikampa karanga zote zilizobaki, akazila mwenyewe polepole mpaka zikaisha, ndipo akaniruhusu kuondoka. Nilidhani mzee ana njaa. Ilinichukua miaka kuelewa lile lilikuwa somo, na nilipolielewa nilikuwa nimeshalisahau.

Maana simu zilikuja. Kwanza ile ndogo ya vibonyezo, ambayo niliibana kati ya sikio na bega, kuanzia Mafinga hadi Makambako. Shingo yangu ikaanza kulala upande. Mke wangu, Mama Tumaini, akaogopa nimepatwa na kiharusi, akanipeleka hospitali. Daktari aliniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia dereva, akaniuliza, "Na simu huwa unaishika wapi?" Nikamwonyesha. Akafunga faili.

Baadaye ikaja simu ya tachi. Mwanangu Tumaini aliniletea kwa nia njema, akaniwekea na kile kishikizo cha kubandika kwenye dashibodi ili nisiishike mkononi. Nikajiona nimestaarabika. Madereva wenzangu walikuwa na grupu lao kwenye simu, Wazee wa Lami, wanapeana habari: wapi kuna ukungu, wapi lori limelala barabarani, na zaidi ya yote, wapi trafiki wamekaa na tochi ya kupima mwendo. Kwa mtu anayeitwa Redio, hiyo ilikuwa kama kupewa kituo changu cha matangazo. Kuandika sikuweza, vidole vyangu vimezoea spana. Lakini kulikuwa na ujumbe wa sauti, ule mnaouita voisi. Unabonyeza alama ya kinasa sauti, unaipandisha juu, inajifunga yenyewe, halafu unaongea mpaka uchoke huku mikono yote miwili iko kwenye usukani.

Nataka mshike hilo la mikono miwili. Nitalirudia.

Dalili zilikuwepo. Kuna siku natoka Iringa na shehena ya vitunguu, nimefika njia panda ya Makambako, mtu ametuma kichekesho kwenye grupu. Nacheka, najibu, wanacheka, naongeza. Ghafla naona mashamba ya chai. Nikajiuliza, chai imepandwa lini huku Igawa? Mwenye gari akapiga, akauliza nimefika wapi. Nikasema, "Naingia Igawa, bosi." Kibao kilichokuwa mbele yangu kilisema Njombe. Nilikuwa nimekata kona na lori la tani kumi, nikaacha barabara ya Mbeya, nikaenda zaidi ya nusu saa, na sikumbuki hata kuzungusha usukani. Jioni niliwasimulia kwenye grupu kama hadithi ya kuchekesha. Tulicheka sana. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza katika hiyo nusu saa nilipishana na watu wangapi.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, barabara kavu, gari zima, breki nzima. Sina ukungu wa kusingizia. Nilikuwa nimepakia vitunguu vya Mama Lusajo, mfanyabiashara wa hapa hapa Ilomba ambaye nilimbebea mizigo kwa miaka. Ni mwanamke wa Kinyakyusa, mnene kiasi, mpole, hupanda na mzigo wake kabini na kushona vitambaa njia nzima. Tumeshapita Igawa, tuko kule bondeni ambako nyanda za Usangu zinakuja kugusa barabara, na wafugaji waliotoka Usukumani wanavusha ng'ombe kwenda majini. Kila dereva anapajua. Hapo unapunguza mwendo hata kama huoni mkia.

Mimi nilikuwa nimefungua voisi kuwaambia wenzangu kuna trafiki wawili nyuma ya kichaka, nimewapita sasa hivi. Kwa hilo sekunde kumi zingetosha. Lakini ni Redio anaongea, kwa hiyo nikaeleza wamevaaje, mmoja anafanana na nani, nikaingia kwenye habari za trafiki mwingine wa zamani, nikawa nafika mahali patamu.

Nitawaambia nilivyoeleza pale pale baada ya ajali, na nilivyoamini. Nilikuwa naendesha vizuri, barabara iko wazi, ng'ombe wakatokea ghafla porini. Nikakanyaga breki, nikakata kushoto, kishindo, gari likaacha lami likapanda tuta la udongo na kuegemea. Magunia ya juu yakapasuka, vitunguu vikamwagika vikaviringika barabarani kama vimetumwa mahali. Mama Lusajo alijigonga paji la uso, damu ikamfunika jicho. Ng'ombe wawili wamekufa, wa tatu anajaribu kusimama kwa miguu mitatu. Na mfugaji, mtu mzima wa miaka kama thelathini na tano, amekaa chini pembeni ya lami, magoti na viganja vimechunika, fimbo imevunjika.

Nilishuka nikamwendea nikiwa na hasira. Hasira ya mtu aliyekosa ndiyo kubwa kuliko zote, hamjaizoea bado.

"Unatoa wapi ng'ombe ghafla namna hii? Unataka kuua watu?"

Akaniangalia. "Mzee, mimi nilisimama katikati ya barabara. Nilinyoosha fimbo juu. Nilikupungia."

"Hukupunga chochote."

"Nilipunga mpaka nikaruka."

Gari dogo lililokuwa linapita likamchukua Mama Lusajo kumwahisha zahanati. Mimi nikarudi kabini kutafuta simu nimpigie mwenye gari. Niliikuta chini, karibu na klachi, kioo kimepasuka. Ilikuwa inaonyesha namba zinazidi kwenda, sikuelewa, nikabonyeza bonyeza ili itulie. Ikatoa ule mlio wake, fyuu. Ikatulia.

Tulipelekwa kituoni. Afande aliyetupokea alikuwa mwanamke, hana haraka, anaandika kwa kalamu ya bluu. Nikatoa maelezo yangu, ng'ombe walitokea ghafla. Yule mfugaji, ambaye sasa nilimjua kwa jina la Masanja, akatoa yake. Mama Lusajo alikuwa zahanati anashonwa, hakuwepo wa kuulizwa. Kwa hiyo yalibaki maneno ya mzee wa miaka mingi barabarani mwenye shati limechomekewa, na maneno ya mtu mwenye vumbi na ndala moja. Afande akamwambia Masanja atabaki hapo kwanza mpaka habari ya kuvusha mifugo ovyo ieleweke. Mimi nikaambiwa nisubiri nje.

Nikiwa nje akafika Sanga, dereva mwenzangu wa siku nyingi, alikuwa anatokea Mbeya. Aliliona lori langu barabarani akaja moja kwa moja.

"Redio, umepona?"

"Nimepona, kaka."

"Umeisikiliza voisi yako?"

"Voisi gani?"

Akanishika mkono tukazunguka nyuma ya jengo, akanipa spika zake za masikioni. Ile sauti ilikuwa haijakatika. Simu ilipodondoka iliendelea kurekodi, na nilipobonyeza bonyeza nikaituma mwenyewe kwa Wazee wa Lami wote. Dakika sita na sekunde kidogo.

Kwanza nikajisikia nikieleza habari za trafiki wa kichakani. Halafu, chini ya sauti yangu, sauti ya Mama Lusajo, ya upole kama anaomba chumvi:

"Baba Tumaini, ng'ombe hao."

Na mimi nikajibu. Wanangu, nilijibu. Nilisema, "Nimewaona, mama," na nikaendelea na trafiki wangu bila hata kuvuta pumzi.

Nikajisikia nikicheka. Mama Lusajo tena: "Baba Tumaini, wanavuka."

"Nimewaona."

Sauti yangu ilikuwa tulivu. Mtu yeyote angesema huyu dereva yuko makini. Kisha Mama Lusajo akaita "Baba," mara moja tu, kishindo, na baada ya kishindo ikaja sauti nyembamba ambayo nilidhani ni ya mtoto, mpaka nilipotambua maneno. Nilikuwa mimi. "Mama, mama yangu, nakufa," na mama yangu tulishamzika zamani. Baada ya hapo nikajisikia nikishuka kwenda kumfokea Masanja, kwa mbali, na sauti hiyo hiyo iliyolia kama mtoto sasa imekuwa nene.

Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena. Kati ya "ng'ombe hao" na kishindo palikuwa na muda wa kusimamisha hata treni. Mikono yangu miwili ilikuwa kwenye usukani. Macho yalikuwa wazi, ingawa najua yalikuwa yanadokoadokoa kwenye kile kioo kidogo kuangalia nani amejibu. Mdomo ulisema nimewaona, na haukuwa unadanganya, ulikuwa unajibu tu ili usikatishwe. Ndani hapakuwa na mtu.

Sanga akasema taratibu, "Ifute. Muda bado upo. Waliosikiliza ni wachache. Ukifuta kwa wote, yanabaki maneno yako na ya yule Msukuma."

Ningependa kuwaambia kwamba nilikataa. Sikukataa. Nilichukua simu yangu nikaanza kuitafuta hiyo sehemu ya kufuta. Kioo kilikuwa kimepasuka mahali pale pale, kidole kikigusa, hakuna kitu. Nikafuta jasho kwenye suruali, nikagusa tena. Dirisha la kituo lilikuwa juu ya kichwa changu, liko wazi, na nikamsikia Masanja anaongea na afande.

"Afande, naomba mtu mmoja apeleke habari. Mke wangu yuko peke yake na ng'ombe, ana ujauzito mkubwa. Hajui kama niko mzima. Ameona gari limeingia kwenye kundi, halafu mimi nimechukuliwa."

Afande akamuuliza mke wake yuko upande gani wa barabara. Akamwelekeza. Hakulalamika juu yangu hata kidogo. Hakunitaja.

Nilisimama pale na kidole hewani. Sanga akaniuliza, "Imekubali?" Nikamwambia haijakubali. Sikumwambia kuwa nimeacha kubonyeza.

Nikaingia ndani. Nikamwambia afande maelezo yangu nataka kuyabadilisha, na badala ya kueleza nikaweka simu mezani nikabonyeza. Tulisikiliza watatu. Ilipofika pale pa mama nakufa, afande aliinamisha kichwa juu ya daftari na mabega yakawa yanatikisika, nami nikamwelewa. Masanja hakucheka. Alikuwa anasikiliza kama mtu anayetafuta kitu ndani yake. Ilipoisha akaniuliza:

"Ulikuwa unaongea na nani, mzee?"

"Na madereva wenzangu."

"Kuna shida imewapata?"

"Hapana. Nilikuwa nawaambia wawe waangalifu. Kuna tochi."

Akatikisa kichwa polepole, siyo kwa dharau, kama mtu aliyepewa hesabu isiyotoka. Afande akachana ule ukurasa, akaanza mwingine. Masanja aliachiwa jioni ile ile. Mimi nilimsindikiza hadi barabarani nikiwa na maneno mengi ya kuomba radhi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu hayakutoka. Alisema tu, "Yule ng'ombe mwekundu aliyekufa nilianza naye tangu Shinyanga," akavuka kumfuata mke wake.

Yaliyofuata yalikuwa haki yangu. Mahakama, leseni ikazuiwa kwa muda, mwenye gari akanishukuru kwa huduma ya miaka yote na kuchukua funguo. Ng'ombe wa Masanja walifidiwa. Na ile sauti ikasambaa. Sanga anakana hadi leo kwamba ni yeye aliyeisambaza, lakini mimi namjua. Mke wangu aliisikia kwa jirani, akarudi nyumbani, akaniwekea chakula, akakaa.

"Baba Tumaini," akasema, "miaka yote nakwambia neno, unasema 'sawa, nimesikia.' Nilijua hamna mtu. Nilikuwa sijajua na barabarani ni hivyo hivyo."

Nilitafuta cha kujibu. Nikagundua kilichokuwa kinakuja mdomoni ni "sawa, nimesikia."

Sasa mtaniambia ninyi mnatumia spika, mnatumia vishikizo, magari ya siku hizi yanajibu simu yenyewe. Nawarudisha kwenye ile mikono miwili. Mikono haikuwa na kosa siku ile. Kama ni simu ya lazima, toka kwenye lami, ingia kabisa pembeni, zima injini, ongea mpaka umalize. Kama siyo ya lazima, iweke mahali ambapo mkono haufiki na sikio halisikii. Mkiniuliza nimejuaje kwamba haikuwa ya lazima, nawajibu kuwa katika miaka yote ya Wazee wa Lami sikumbuki hata taarifa moja niliyoitoa ambayo isingeweza kusubiri hadi nifike.

Leseni iliporudi hakuna aliyenitaka. Nani ampe gari Mama-Nakufa? Aliyenitafuta ni Mama Lusajo. Alikuja nyumbani na kovu lake juu ya nyusi, akasema amepata lori la kukodi na mwenye lori anataka dereva anayeijua barabara.

"Sina kinyongo, Baba Tumaini. Lakini simu nitaishika mimi, kwenye mkoba wangu. Na neno 'nimewaona' silitaki tena kwenye gari."

"Nisemeje, mama?"

"Useme ulichokiona."

Tukafanya kazi hivyo miaka yangu miwili ya mwisho. Vitambaa vyake aliviacha nyumbani. Kila akiona mtu au mnyama mbele, anauliza, na mimi natakiwa kutaja. Mwanzoni niliona nadhalilishwa, mzee kama mimi kuulizwa maswali ya shule. Halafu nikaanza kuona vitu. Barabara niliyopita maisha yangu yote, na sikuwa najua kuna kanisa dogo la bati upande wa kulia ukikaribia Igurusi.

Asubuhi moja tunakaribia Nyololo. Ukungu wa Mufindi umeshuka mpaka chini, taa nimewasha, mwendo wa kutembea. Mama Lusajo akasema, "Kushoto kuna mtu."

"Mwanamke," nikamwambia. "Kabeba kuni kichwani. Ana mtoto mgongoni, kanga ya njano. Anaangalia upande wa Makambako."

"Na sisi?"

"Hajatuona."

Nikasimama kabisa, katikati ya barabara, nikiwa nimewasha taa zote za hatari. Yule mama akavuka taratibu mbele ya bampa yetu, karibu kiasi kwamba niliona mtoto amelala mdomo wazi. Alipofika upande wa pili ndipo akageuka, akashtuka kuona lori zima limesimama pale kimya. Akatuinulia mkono.

Mama Lusajo akampungia. Mimi nikasubiri mpaka alipopotea kwenye ukungu, nikaweka gia ya kwanza.